Sikio la Chuma

Duka la baiskeli la Gathoni lilikuwa na stuli mbili za mafundi. Moja ilikuwa ya Njuguna, aliyeikalia tangu duka lifunguliwe. Ya pili, iliyokaa karibu na dirisha linalotazama barabara ya Namanga, haikuwa na mtu, na Maundu aliitaka.

Hakuitaka kwa siri. Kila Jumamosi akitoka kazini alivuka barabara kutoka kwenye yadi ya mageti, ovaroli imetobolewa matundu na cheche, akasimama mlangoni.

"Mama Shiro, hiyo stuli bado inaningoja?"

"Inangoja fundi," Gathoni alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe ni mtu wa mageti."

Na kweli alikuwa mtu wa mageti. Kwa miaka saba Maundu alikuwa amechomelea mageti, grili za madirisha na fremu za pikipiki zilizopasuka kwa kubebeshwa mawe ya machimbo. Alikuwa hodari na alijijua. Kwenye yadi alikuwa na msemo wake mwenyewe, ambao wenzake walikuwa wamechoka kuusikia: kitu nimegusa hakirudi. Geti lake lilipogongwa na lori, lori ndilo lililopelekwa gereji. Nati aliyoikaza ilikazwa mpaka ilie, halafu ikaongezewa robo.

Gathoni alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alikuwa ameshindana kwa baiskeli mpaka goti likakataa, na sasa aliuza na kutengeneza baiskeli za milimani kwa watu waliokuja wikendi kuendesha kwenye mbuga. Duka lake lilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Hakuna mtu aliyegusa baiskeli ya mteja kabla hajaunda yake kwa mikono yake, akaipanda katika Mzunguko wa Vumbi: kilomita mia moja na sitini, kutoka Kitengela hadi Kajiado na kurudi kwa njia za ng'ombe, ndani ya saa kumi na tatu. Njuguna alikuwa amefanya. Wengine wawili walijaribu, na sasa mmoja wao anauza simu.

"Na sio kumaliza tu," Gathoni alimwambia Maundu siku alipoona kwamba hatachoka kuuliza. "Baiskeli irudi ikiwa nzima. Umalize Jumamosi, na Jumatatu mtu aweze kuipanda aende kazi. Mteja wangu hanunui hadithi yako ya njiani. Ananunua baiskeli ya Jumatatu."

"Nikifanya hivyo?"

"Stuli ni yako."

"Na nisipofanya?"

Gathoni alitazama nje kupitia mlango wa nyuma, ambako geti la uani lilikuwa limeinama kama mlevi. "Utanitengenezea hilo geti. Bure."

"Hilo geti utalitafutia mtu mwingine," Maundu akasema, na Njuguna akacheka hadi akaangusha spana.

*

Fremu aliipata kwa mtu wa Athi River aliyekuwa akihama: aluminiamu, gurudumu kubwa, rangi ya kijani iliyochunika. Aliisugua, akaipima kwa uzi kutoka mbele hadi nyuma kila upande, akaona imenyooka. Uma wa mbele wenye springi ulikuwa ukivuja mafuta. Aliufungua mara nne kabla ya kuelewa namna ya kuufunga bila kuukata mpira wake wa ndani. Mara ya tano haukuvuja.

Kwa miezi miwili chumba chake kilinuka grisi. Alijifunza haraka, na alichojifunza kilikaa. Magurudumu aliyanyoosha kwa sikio, akizigonga spoku moja moja kwa kijiko na kusikiliza, mpaka upande mzima ukaimba sauti moja. Tairi hakuzitia tyubu. Nchi ile ni ya migunga, na mwiba wa mgunga huingia kwenye tyubu kama sindano kwenye kitambaa. Alimimina ndani ya tairi yale maji mazito meupe ambayo huziba tundu lenyewe mwiba unapochomoka, akazijaza upepo, akazilaza usiku mmoja ubavu huu na usiku mwingine ubavu ule. Cheni aliichemsha kwenye sufuria kuukuu lenye nta, kwa sababu mafuta hukamata vumbi na vumbi la Kajiado husaga chuma kama msasa. Mkoba wa kuning'iniza katikati ya fremu aliushona mwenyewe kwa turubai la lori, ukatosha chupa ya maji, pampu, koleo, spana ndefu, kifaa cha kukatia cheni na mipira miwili ya blada ya kufungia.

Hata Njuguna, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alipita kuiona akalizungusha gurudumu la nyuma. Lilizunguka muda mrefu bila kelele.

"Hii imekaa," akasema. Kisha akainama. "Lakini hapa umeweka nini?"

Alikuwa akigusa sikio.

Nyuma ya kila baiskeli ya aina hiyo huning'inia mkono mdogo unaohamisha cheni kutoka gia hadi gia. Mkono huo haushikani na fremu moja kwa moja. Kati yake na fremu kuna kipande cha aluminiamu kisichozidi kidole gumba, kilichofungwa kwa bolti moja. Mafundi wa dukani hukiita sikio. Sikio lililokuja na fremu ya Maundu lilikuwa limepinda, naye alilinyoosha kwa mkono mara moja tu, likakatika kati ya vidole vyake kama biskuti. Alibaki akilitazama kwa dharau. Mtu mzima alikaa ofisini, akachora kitu hiki, akakiita kazi!

Basi alichukua kipande cha springi ya lori, chuma ambacho msumeno ulikililia, akakikata, akakitoboa, akakipiga tupa siku mbili mpaka kikaingia mahali pake bila nafasi ya unywele. Kilikuwa kizuri. Hata mtu asiyejua kazi angeona kwamba ni kizuri.

"Springi ya lori," Maundu akasema. "Hilo halivunjiki."

"Ndiyo shida," Njuguna akasema.

"Shida gani?"

"Sikio limeumbwa livunjike, kijana wa mageti. Likivunjika, unatoa lingine mfukoni, unafunga, unaenda. Mama Shiro ameweka kwa orodha: masikio mawili ya akiba."

Maundu aliikumbuka orodha hiyo ya vifaa, aliyopewa na Gathoni. Ilikuwa na vitu kumi na saba. Kumi na sita alikuwa amevipata, na cha mwisho alikuwa amekipiga mstari.

"Yaani nibebe kitu kibovu, alafu nibebe vibovu vingine viwili vya kukisaidia?"

"Eeh."

"Njuguna, wewe ukienda kununua geti, unaulizia lile la kuvunjika?"

"Hii si geti."

"Hiyo wivu itakumaliza," Maundu akasema, akaikaza bolti ya sikio mpaka ikalia, akaiongeza robo. Alisema hivyo kwa tabasamu lakini moyoni alikasirika, na hasira ilimpa hakika zaidi. Njuguna aliinua mikono, akaenda zake.

Siku mbili kabla ya mashindano alipeleka baiskeli dukani ikaguliwe. Gathoni aliitazama kwa nusu saa. Alitikisa usukani, akabana breki, akaweka sikio lake kwenye bomba la fremu na kuzungusha pedali. Alipofika kwenye kile kipande cha chuma cheusi alisimama, akakipitishia kidole.

"Tupa yako iko sawa kabisa," akasema.

Maundu alivimba kwa furaha.

"Njuguna alikueleza?"

"Alinieleza."

Maundu alingoja abishane naye. Alikuwa amejiandaa, ameyapanga maneno. Gathoni alijipangusa kidole kwa kitambaa na kusema tu, "Haya. Jumamosi, saa kumi na mbili kamili."

*

Walianza watu mia na ishirini, baridi ikiuma masikio na jua halijachomoza. Kufikia Isinya walikuwa wametawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Maundu hakukimbizana na mtu. Alikuwa amesoma miguu yake kama alivyosoma spoku, na alijua ni mwendo gani inaweza kuushika kutwa. Miiba ilimchoma mara tatu. Kila mara alisikia mlio mfupi, akaona povu jeupe likichomoza, likaziba, akaendelea. Alicheka peke yake. Wengine walikuwa wameketi kando ya njia, tyubu mapajani, wakitafuta tundu kwa mate.

Mjini Kajiado, kilomita sabini na nane, alifika saa nne na nusu. Kwenye hema la ukaguzi walimgongea muhuri mkononi, akanywa chai yenye sukari nyingi, akala mayai matatu, akajaza maji. Njuguna alikuwa hapo na sanduku la vifaa, ingawa sheria ilimruhusu kutazama tu. Mshindani alikuwa huru kununua au kubadilishana kitu na mtu yeyote njiani, lakini kila bolti aifunge kwa mkono wake.

"Uko namba thelathini na moja," Njuguna akamwambia. "Mwaka wangu hapa nilikuwa wa themanini."

"Sikio je?" Maundu akauliza kwa uchokozi.

"Bado liko."

"Litazame vizuri ulikumbuke."

Akaondoka akiimba.

Ilikuwa saa sita, kilomita mia na moja, kwenye njia ya ng'ombe inayoshuka kuelekea korongo kavu. Mtu alikuwa ameburuta matawi ya miiba ya kuzibia boma, na machache yalikuwa yamedondoka njiani. Maundu aliliona moja, akalikwepa kwa gurudumu la mbele. La nyuma lilikanyaga ncha. Tawi liliruka, likaingia kati ya spoku, likazunguka nusu duara na kugonga ule mkono wa gia kwa nguvu zote za mtu na baiskeli wakiteremka.

Kulitokea mlio kama wa bati linalochanwa. Gurudumu liligoma. Maundu aliruka juu ya usukani, akatua kwa bega na kuteleza mchangani.

Aliinuka, akajigusa, akaona hajavunjika. Kisha akaenda kuitazama baiskeli, na kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa sikio.

Lilikuwa zima. Halikupinda hata kidogo. Liling'ara pale bolti ilipokwaruzwa, zuri kama siku alipolimaliza. Na nyuma yake, likiwa bado limelikumbatia kwa bolti iliyokazwa hadi ikalia, lilining'inia donge la fremu yenyewe. Chuma hakikukubali kukatika, kwa hiyo aluminiamu ilichanika. Upande wa kulia, mahali ambapo ekseli ya gurudumu hukaa, palibaki nusu, kama kikombe kilichovunjika mdomo.

Maundu aliketi chini. Alisema maneno ambayo mama yake, mzee wa kanisa kule mjini Wote, hangependa kuyasikia.

Baiskeli ilikaribia kutoka juu, ikasimama. Alikuwa mwanamke mwenye helmeti nyekundu. Kwenye namba yake ya mashindano palikuwa pameandikwa Caren. Naye gia yake ya nyuma ilikuwa ikining'inia.

"Hayo matawi yamenipata pia," akasema. "Uko sawa?"

"Niko sawa."

Aliishusha baiskeli yake, akatoa mfukoni kipande kidogo cha aluminiamu, akafungua bolti moja, akatupa vipande viwili vya sikio lililokatika, akafunga jipya. Maundu hakutaka kutazama, lakini alitazama. Ilimchukua Caren dakika kama tisa, na kati ya hizo mbili zilikuwa za kula ndizi.

"Niko na lingine la akiba, ukitaka," akasema akipanda.

"Asante. Halitanisaidia."

Caren aliangalia nyuma ya baiskeli ya kijani, akaelewa. Kisha akaenda.

*

Chini ya mteremko palikuwa na boma, na nje ya boma mwanamke wa Kimaasai alikuwa akipakua matawi kutoka kwa punda. Maundu alifika akiwa ameibeba baiskeli begani.

"Sopa," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa." Mwanamke alimwangalia mchanga usoni, kisha akaangalia tawi lililokuwa limenasa kwenye spoku. "Hiyo ni yangu."

"Nini?"

"Hiyo miti. Umenibebea. Ashe, asante." Akalichomoa, akaliongeza kwenye ua. "Naitwa Namunyak. Na wewe umeanguka."

"Nimeanguka." Macho ya Maundu yalikuwa kwenye lango la zizi la mbuzi. Lilikuwa limefungwa kwenye nguzo kwa waya wa mabati, mzito, umezungushwa mara nne. "Mama, naomba kununua hiyo waya."

"Waya ya nini?"

"Nifunge gurudumu."

"Na mbuzi nifunge na nini? Na maneno?"

"Nitakulipa."

"Mbuzi hawajui pesa. Wanajua mlango uko wazi." Aliketi kwenye jiwe, mtu asiye na haraka mbele ya mtu aliyechelewa. "Leta kitu ya kufunga mlango, uchukue waya."

Maundu alifungua mkoba wa turubai, akavitandaza vitu vyake vyote chini. Blada angezihitaji. Koleo na spana angevihitaji. Hakukuwa na kitu kingine kigumu. Kisha akalitazama lile sikio, na Namunyak akalitazama pia.

"Hiyo je?"

Alilifungua kutoka kwenye donge la fremu. Bolti ilikataa, kwa sababu aliifunga mwenyewe na alijua kufunga. Alitumia dakika kumi na ngozi ya vidole viwili. Namunyak alimletea msumari wa inchi nne. Maundu akalipigilia sikio kwenye nguzo kwa jiwe, msumari ukipita kwenye tundu moja, na kwenye tundu la pili akapitisha kijiti kinachozuia lango. Alilivuta lango. Akalivuta tena kwa uzito wake wote. Nguzo ilitikisika, sikio halikujali.

"Hiyo haitavunjika," Namunyak akasema kwa kuridhika.

"Hapana," Maundu akasema. "Haitavunjika."

Kisha akafanya kazi. Ule mkono wa gia, aliokuwa ameutoa kwenye sikio, aliutia mkobani. Aliikata cheni ikawa fupi, akaifunga kwenye gia moja tu ya katikati. Spana yake ndefu aliilaza kando ya bomba la fremu mahali palipochanika ili iwe gango, kama vile mtu anavyofungwa mguu uliovunjika, akazungusha waya juu yake na kuusokota kwa koleo. Mkono wake ulitaka kuendelea kusokota. Alisikia waya ukianza kulia, akakumbuka kwamba chini yake kulikuwa na aluminiamu iliyobaki nusu, akaacha. Juu ya waya alivuta blada mpaka zikawa kama bendeji.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Kilomita hamsini na tisa zilibaki, na saa sita kasoro dakika kumi.

Hakusimama juu ya pedali hata mara moja, kwa sababu kila alipokanyaga kwa nguvu, gurudumu lilisogea na kusugua fremu. Aliendesha ameketi, miguu ikizunguka kama ya mtoto kwenye tambarare, na kwenye vilima alishuka akasukuma. Cheni iliruka mara kumi na moja. Alizihesabu, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kila kilomita tano alisimama kuupapasa waya. Watu aliowapita asubuhi walimpita mchana, mmoja mmoja, wakimwambia pole. Aliwachukia wote kwa usawa. Baada ya Isinya upepo ulimgeukia usoni, na kwa saa nzima alijisemea neno moja tu kwa kila mzunguko wa pedali: zunguka, zunguka, zunguka.

Alivuka mstari wa mwisho saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili, jua limezama, zikiwa zimebaki dakika nane.

*

Mtu wa saa alimpigia kengele. Wachache waliobaki walipiga makofi. Maundu aliinua ngumi juu, akageuka kumtafuta Gathoni, akamwona akija akichechemea na goti lake. Gathoni hakuangalia saa. Alichuchumaa nyuma ya baiskeli, akaiwasha tochi ya simu, na kukaa pale muda mrefu.

"Dakika nane, Mama Shiro," Maundu akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nimemaliza ndani ya saa."

"Nimeona. Hii kazi ya waya ni nzuri sana." Aliinuka kwa kushika tandiko. "Jumatatu mtu ataenda nayo kazi?"

Maundu aliufunika waya kwa kiganja.

"Ni nini ilivunjika?"

"Tawi liliingia kwa spoku. Bahati mbaya. Mtu ameacha miti njiani."

"Hayo matawi yalikamata watu watano," Gathoni akasema. "Wanne wako pale wanakula pilau, na baiskeli zao ni nzima. Nakuuliza tena. Ni nini ilivunjika?"

"Ni tawi!" Alipaza sauti, watu wakageuka. "Nimesukuma hii kitu kilomita sitini na waya ya mbuzi, unaniuliza mambo ya tawi! Huyo Njuguna wako angefika hapa?"

Njuguna, aliyekuwa ameshika sahani ya pilau aliyomchukulia Maundu, aliitazama sahani.

"Hangefika," Gathoni akasema kwa upole. "Kula, Maundu. Ulale. Jumatatu nakungoja na geti."

*

Jumapili alilala mpaka saa nane. Alipoamka aliigeuza baiskeli juu chini, akakata blada, akafungua waya. Fremu ilibaki mikononi mwake na ule mdomo uliochanika. Aluminiamu nyembamba namna ile, tena mahali pale, haichomelewi ikaaminika. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote Kitengela. Fremu ya kijani ilikuwa imekwisha, na alikuwa ameiua kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Aliitundika ukutani juu ya kitanda, akaketi akiitazama. Jioni ilipoingia alikuwa bado anaitazama, lakini hasira ilikuwa imeondoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi alifika kwa Gathoni na mashine ya kuchomelea kwenye mkokoteni. Hakusalimia sana. Alipita moja kwa moja uani, akaling'oa geti, akaanza na hinji ya juu.

Alikuwa kwenye hinji ya chini aliposikia sauti dukani, kisha hatua. Alipandisha ngao ya uso. Alikuwa Caren, bila helmeti nyekundu, na nyuma yake Gathoni aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Ndiyo wewe," Caren akasema. "Kila mtu anaongea juu yako. Wanasema sikio lako ni la springi ya lori, na halikupata hata alama."

"Halikupata."

"Sasa, mimi mwaka huu nimevunja manne. Manne! Nimechoka. Nitengenezee kama lako. Sema bei yako."

Cheche ya mwisho ilikuwa ikipoa kwenye hinji. Maundu alijua bei yake. Alijua pia kwamba akimtengenezea huyu, wiki ijayo watakuja kumi, na hatahitaji stuli ya mtu. Angeweza kuliona jina lake limeandikwa ukutani mwa yadi.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini? Si umelitengeneza?"

"Nimelitengeneza. Ndilo limeua baiskeli yangu." Alivua glavu. "Ile Jumamosi wewe ulivunja kipande cha kidole gumba. Mimi nilivunja fremu. Tawi ni lile lile. Chuma yangu ilikataa kuvunjika, basi ikatafuta mwenzake mnyonge. Kwa mlango wa mbuzi ni sawa, na sasa liko huko. Kwa baiskeli, mimi ndiye nilikosea." Kauli ilikuwa imetoka, na haikumuua. "Lakini manne kwa mwaka pia si kawaida. Baiskeli yako iko wapi?"

"Iko hapo mbele."

"Ukiilaza kwa gari, unailaza upande gani?"

Caren alifikiri. "Upande wa... wa gia. Naona nafasi ni nzuri hivyo."

"Basi unalipinda nyumbani kabla hujaanza safari. Njiani linamalizika tu. Laza upande ule mwingine."

Caren aligeuka kumtazama Gathoni kama mtu anayetaka kujua amwamini nani. Gathoni alikunywa chai.

"Hilo geti limebaki nini?" akauliza.

"Hinji moja, na rangi."

"Rangi itangoja. Maliza hinji, unawe mikono, uingie ndani. Baiskeli ya huyu inataka sikio jipya, na Njuguna ana kazi yake."

Maundu aliimaliza hinji. Alinawa mara mbili, mpaka kwenye viwiko. Njuguna alilisukuma sanduku la masikio kwa mguu hadi likafika karibu na dirisha, akaendelea na gurudumu lake.

Stuli ilikuwa fupi kuliko alivyodhani, na mguu mmoja ulicheza. Maundu aliketi. Alichagua sikio, kipande chepesi kisicho na uzito wa maana kiganjani, akaliweka mahali pake, akaingiza bolti. Aliikaza kwa vidole viwili, polepole, akisikiliza. Bolti ilishika. Haikulia.

Akaacha hapo.